Guka si mkaidi

Wasee, kuna neno moja la Kizungu limenitoa jasho: "defiant". Maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia huku kwetu Kihoto, nilipiga video ya mzee jirani aliyekataa kuhama. Chini yake nikaandika "mzee mkaidi". Haikupita saa moja, mjukuu wake akanipigia simu. Eti, guka si punda.

Na alikuwa na haki. Mkaidi, mbishi, jeuri, hayo yote ni maneno ya mwenye kushika fimbo. Mwalimu ndiye humwita mtoto mkaidi, mtoto hajiiti hivyo. Ukisema shupavu, sawa, unamsifu, lakini hata golikipa ni shupavu na hakuna amri aliyokataa. Mzungu ana neno moja linalobeba lawama na sifa pamoja. Sisi lazima tuchague tumesimama upande gani.

Hebu nikupeleke Olenguruone, huko juu kupita Molo. Mwaka 1941 serikali ya mkoloni iliwapa makazi pale Wakikuyu iliowafukuza Umasaini. Wengi asili yao ni Kiambu, na mashamba ya kwao yalikuwa yamechukuliwa na walowezi. Kwa hivyo kwao hii ilikuwa fidia, yaani shamba ni letu. Serikali ikasema la, nyinyi ni wapangaji tu, mtalima tunavyotaka, na mtie sahihi. Wakakataa. Wakala kiapo cha umoja, na hawakuwaacha nje akina mama wala watoto. Mkoloni aliharibu mimea na kuchoma nyumba, na kufikia 1950 alikuwa amewahamishia Yatta, kule kukavu.

Watu hukumbuka zaidi usiku wa 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walipovamia kituo cha polisi hapa Naivasha, wakafungua mahabusu na kubeba bunduki. Hiyo ni hadithi tamu, sikatai. Lakini mwenye bunduki mkoloni hakuhangaika kumtafutia neno, alimwita gaidi akamaliza. Waliomsumbua kichwa ni wale wa Olenguruone, kwa sababu hawakuwa na silaha, walikuwa na hoja. Na hoja hiyo ndiyo Wakikuyu huita kihooto: haki, maneno yenye uzito hadi mwenye nguvu akose jibu. Neno hilo tunalitaja kila siku tukipigia makanga kelele atushushe, wala hatulifikirii.

Basi nikafuta "mkaidi". Nikaandika: "Guka amekataa kuhama, na ana sababu." Ni ndefu, najua, na wengine mlilalamika.

Wiki iliyofuata maji yalifika kitandani. Guka akatoka kwa boti, karatasi za ploti yake zimefungwa ndani ya nailoni, amezishika juu ya kichwa.