Utengamao wa mgongo

Utengamao wa mgongo ni huduma ya kumsaidia mtu aliyelemazwa na maumivu sugu ya mgongo arudie kazi na shughuli zake, hata kama maumivu hayajaisha. Kwa miaka mingi wagonjwa waliamriwa kulala kitandani majuma mazima. Ushauri huo uliwadhuru wengi: misuli hudhoofika upesi, na hofu ya kuinama huota mizizi.

Mwaka 1969 hospitali ya Danderyd, karibu na Stockholm, ilianzisha “shule ya mgongo”, iliyofundisha namna ya kukaa, kusimama na kuinua mzigo. Hatua kubwa zaidi ilitoka Dallas, Marekani, miaka ya 1980, kwa daktari wa mifupa Tom Mayer na mwanasaikolojia Robert Gatchel. Hawakuridhika kumwuliza mgonjwa anaumwa kiasi gani. Walipima anaweza kufanya nini. Mazoezi yaliongezwa kwa mpango, bila kungoja maumivu yatoe ruhusa, sambamba na ushauri wa kisaikolojia na maandalizi ya kurudi kazini. Katika utafiti wao wa 1987, asilimia 87 ya waliotibiwa walikuwa kazini baada ya miaka 2, dhidi ya 41 ya kundi la kulinganisha. Pengo hilo lisomwe kwa uangalifu, kwani makundi hayakugawanywa kwa bahati nasibu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza elimu, mazoezi na tiba ya kisaikolojia. Haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni.