Edmund Burke na Chimbuko la Fikra za Kihafidhina
Fikra za kisasa za kihafidhina aghalabu huhusishwa na kitabu alichokichapisha Edmund Burke mwaka 1790 kuyapinga Mapinduzi ya Ufaransa. Hata hivyo, mbunge huyo, mzaliwa wa Dublin, hakutetea kila mamlaka. Awali aliyaunga mkono malalamiko ya makoloni ya Marekani. Mwaka 1788 akaongoza mashtaka bungeni dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal. Hastings aliachiwa huru mwaka 1795, lakini hoja ilibaki: taasisi na desturi ni amana ya vizazi, hurekebishwa, hazing’olewi, ama na wanamapinduzi wa Paris ama na watawala wa Calcutta. Anayemsoma Burke kama adui wa mabadiliko tu huisahau nusu ya urithi wake, yaani hofu ya mamlaka isiyo na mipaka.