Mdomo wa Bata Mbele ya Gitaa: Siku za Mwanzo za Bendi ya Chicago

Bendi nyingi hazina siku ya kuzaliwa. Watu wanakutana harusini, mmoja anaazima gitaa, mwingine anamfahamu mpiga ngoma, na miaka kumi baadaye hakuna anayekumbuka nani alimwita nani. Bendi ya Chicago inayo tarehe yake: 15 Februari 1967. Siku hiyo vijana sita walikaa nyumbani kwa Walter Parazaider, mpuliza saksafoni, katika jiji la Chicago, wakakubaliana kuanzisha kikundi kimoja cha roki ambacho tarumbeta, tromboni na saksafoni zitakuwa wenyeji, si wageni waalikwa.

Msomaji aliyekulia Dar es Salaam au Morogoro atashangaa: hilo nalo ni la kukalia kikao? Kwetu NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilipiga dansi na mdomo wa bata bila kuombea kibali kwa mtu. Dansi bila mpulizaji ndilo lingezua maswali. Marekani ya mwaka 1967 mambo yalikuwa kinyume. Tangu Beatles waingie na magitaa yao, kijana wa roki alitakiwa kuwa na gitaa la solo, gitaa la rithim, besi na ngoma, basi. Ala za kupuliza zilibaki kwa watu wa jazi na kwa waimbaji wa soul kama James Brown, na hata huko kazi yake ilikuwa kumjibu mwimbaji: anamaliza mstari, nao wanapiga “paa!” kisha wananyamaza kumsubiri tena. Zilikuwa kachumbari. Sahani ya pilau ilikuwa ya mtu mwingine.

Jambo la kuchekesha ni kwamba waliomtia Parazaider moto ni haohao Beatles. Katika santuri yao Revolver, iliyotoka Agosti 1966, kuna wimbo uitwao “Got to Get You into My Life” ambao ndani yake matarumbeta na saksafoni yanasukuma wimbo mzima. Parazaider alikuwa akisomea klarineti katika Chuo Kikuu cha DePaul, kwa mtindo wa muziki wa kitambo wa Ulaya. Lakini usiku alikuwa anapuliza saksafoni kwenye vilabu. Aliposikia santuri ile aliona njia ya kuyaunganisha maisha yake mawili.

Wawili kati ya wale sita alikuwa nao tangu zamani: Terry Kath, mpiga gitaa, na Danny Seraphine, mpiga ngoma. Walikuwa wamepiga pamoja katika bendi iliyoitwa Jimmy Ford and the Executives, Kath akiwa kwenye besi, na baadaye katika The Missing Links. Lee Loughnane, mpuliza tarumbeta, alikuwa rafiki wa Kath na mwanafunzi wa DePaul. James Pankow wa tromboni naye alitoka DePaul. Wa sita alikuwa Robert Lamm, mzaliwa wa Brooklyn aliyehamia Chicago akiwa bado kijana, mpiga kinanda na mwimbaji mwenye sauti nzito ya kutulia.

Ukiwatazama, utaona walikuwa makundi mawili yaliyokaa meza moja. Wapulizaji watatu walikuwa watu wa darasani, wanaosoma nota kama wengine wanavyosoma gazeti. Kath na Seraphine walikuwa wa mtaani, waliojifunza kwa masikio na kwa kurudia mpaka vidole viote sugu. Mimi naamini nusu ya historia ya bendi hii imo katika ndoa hiyo. Bila wasomi, ala za kupuliza zisingekuwa na la kusema. Bila watu wa mtaani, zingelisema kwa adabu mno.

Mazoezi yalifanyika katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wa Parazaider. Bendi ikajiita The Big Thing, jina ambalo halikuwa na maana zaidi ya kelele yake, na Machi 1967 ikaanza kupiga katika klabu moja ya mji wa Lyons, jirani na Chicago. Kutoka hapo ilizunguka vilabu vya majimbo ya katikati ya Marekani, usiku baada ya usiku. Kazi yenyewe ilikuwa kukopi. Wenye vilabu walitaka nyimbo ambazo wateja walikuwa wamezisikia redioni mchana, na wanabendi walipoanza kuingiza tungo zao wenyewe, kibarua kiliota nyasi zaidi ya mara moja. Mwanamuziki yeyote aliyewahi kupiga baa anaijua hali hiyo: mteja analewa kwa wimbo anaoufahamu.

Kulikuwa na tatizo jingine, la kiufundi. Bendi haikuwa na mpiga besi. Lamm alikuwa akiipiga besi kwa miguu, kwenye kanyagio za kinanda chake, huku mikono ikishughulika na mengine. Kwa nyimbo za kukopi iliwezekana. Lakini ukiwa na wapulizaji watatu wanaopanda na kushuka, chini panahitaji nguzo. Mwishoni mwa 1967 walipangwa kupiga ukumbi mmoja na bendi iliyoitwa The Exceptions, iliyokuwa na jina kubwa Chicago wakati huo. Mpiga besi wake, Peter Cetera, aliwasikiliza, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amehama. Alikuja na besi, na pia na sauti ya juu ambayo bendi haikuwa nayo. Sasa walikuwa saba, na waimbaji watatu: Lamm, Cetera, na Kath mwenye sauti ya mikwaruzo ambayo wengi wasiomwona walidhani ni ya mwimbaji Mweusi wa soul.

Mtu aliyewatoa vilabuni aliitwa James William Guercio. Alikuwa amesoma DePaul na kufahamiana na Parazaider huko, na kufikia 1967 tayari alikuwa mtayarishaji wa muziki mwenye mafanikio kupitia kikundi cha The Buckinghams, nacho cha Chicago. Juni 1968 aliwahamishia Los Angeles, akawalipia nyumba ndogo karibu na barabara kuu ya Hollywood, na akawaambia kazi yao ni moja: kufanya mazoezi na kutunga. Jina nalo akalibadilisha. Wakawa Chicago Transit Authority, yaani jina kamili la shirika la mabasi na treni la jiji walikotoka.

Hapa siwezi kuacha kucheka kidogo. Dar es Salaam shirika letu la mabasi lilikuwa na bendi yake, UDA Jazz, na hakuna aliyeona ajabu. Mtu aliweza kupanda basi la UDA kwenda kucheza muziki wa UDA. Chicago bendi ilijichukulia jina bila kuliuliza shirika, na tutaona yaliyofuata.

Los Angeles walipiga mara kwa mara katika klabu ya Whisky a Go Go, na hapo ndipo Jimi Hendrix alipowasikia. Parazaider amekisimulia kisa hicho miaka mingi: Hendrix alimfuata, akamwambia kwamba wapulizaji wao wanapuliza kama wenye pafu moja, na kwamba mpiga gitaa wao anamzidi yeye. Sehemu ya pili ndiyo inayorudiwa sana, maana Hendrix kumsifu mpiga gitaa ni habari. Kwangu ile ya kwanza ndiyo nzito. Watu watatu kuwa na pafu moja ndicho walichokuwa wakikitafuta tangu kile kikao cha Februari.

Aliyekuwa akiandika sehemu za wapulizaji kwa wingi ni Pankow, na njia yake ilikuwa kuzitendea ala hizo kama mwimbaji mwingine. Sikiliza nyimbo zao za awali uone: wapulizaji hawangoji mstari uishe. Wana wimbo wao wenyewe unaotembea sambamba na wa mwimbaji, mara unampisha, mara unamkatiza. Mpangilio wa kawaida ni tarumbeta juu, saksafoni katikati, tromboni chini. Lakini Pankow aliipa tromboni nafasi ambayo wapangaji wengi hawakuipa, akaipandisha mpaka mstari wa mbele. Ndiyo maana mlio wa Chicago una uzito wa kifua, tofauti na ule mkali wa bendi zinazotegemea tarumbeta peke yake.

Kampuni ya Columbia haikuwakubali mara moja. Wakati huohuo ilimtaka Guercio atayarishe santuri ya pili ya Blood, Sweat & Tears, bendi ya New York iliyokuwa na wazo linalofanana: roki na wapulizaji. Guercio aliikubali kazi hiyo. Santuri ikauza kwa mamilioni, na mwaka 1970 ikatwaa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka mbele ya Abbey Road ya Beatles. Kwa hiyo Chicago walipotoka, wapo waliosema wanaiga. Walikuwa wamelianza wazo lao chini ya nyumba ya wazazi wa Parazaider, lakini sokoni anayefika kwanza ndiye anayeitwa mwenye duka.

Januari 1969 walikwenda New York kurekodi katika studio ya Columbia. Hawakujua lolote kuhusu studio. Walijipanga kama jukwaani, wote saba wakapiga pamoja, na haikuwezekana. Ikabidi wajifunze papo hapo: kwanza ngoma, besi, gitaa na kinanda, halafu wapulizaji juu yake, na sauti za waimbaji mwisho. Nyimbo zilikuwa nyingi na ndefu kupita uwezo wa santuri moja. Kampuni haikuwa na desturi ya kumpa mgeni santuri mbili, kwa hiyo ili zitoke mbili bendi ilikubali kukatwa mrabaha.

Santuri ilitoka Aprili 1969. Ndani yake kuna “Beginnings” ya Lamm, yenye karibu dakika nane. Kuna Kath peke yake kwa dakika kadhaa akiliacha gitaa lake livume, likoroge na kulia bila wimbo wowote wa kushika. Kuna “I'm a Man”, wimbo wa Spencer Davis Group, uliojaa ngoma na milio ya ala za mkononi. Na kuna sehemu moja inayofunguka kwa sauti halisi za umati zilizorekodiwa mitaani Chicago Agosti 1968, wakati polisi walipowapiga waandamanaji nje ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Watu wanaoijua bendi hii kwa nyimbo laini za mapenzi za miaka ya baadaye wakisikia hapo huuliza kama ni bendi ileile.

Redio za kawaida ziliwapuuza, kwa sababu hakuna mtangazaji aliyetaka wimbo wa dakika nane. Waliowabeba ni wanafunzi wa vyuo na vituo vipya vya FM vilivyopiga santuri upande mzima. Santuri haikuwahi kuingia kumi bora, ilifika nafasi ya 17, lakini ilikaa katika orodha ya Billboard kwa majuma 171. Ilikuwa inauzwa polepole kama chumvi.

Lile shirika la mabasi likaamka. Likatishia kuwashtaki kwa kutumia jina lake, nao wakalifupisha likabaki Chicago. Kwa maoni yangu lile shirika liliwafanyia hisani kubwa bila kukusudia, maana jina refu lile lingezeeka.

Mei 1969 Cetera alikwenda kutazama mpira wa besiboli katika uwanja wa Dodger, Los Angeles. Wanajeshi wa majini hawakupendezwa na nywele zake ndefu, wakampiga mpaka wakamvunja taya. Ilibidi taya lifungwe kwa waya. Julai ya mwaka huohuo, akiwa bado anauguza taya, aliwatazama kwenye televisheni binadamu wakitua mwezini, na hapo akatunga wimbo wake wa kwanza kwa bendi, “Where Do We Go from Here”. Wasikilizaji wenye sikio kali husema uimbaji wake wa meno kukaribiana ulianzia kwenye waya zile.

Santuri ya pili, mbili kwa moja tena, ilitoka Januari 1970 na kava lisilo na sura ya mtu. Palikuwa na neno moja tu, Chicago, kwa mwandiko wa mikunjo kama ule wa chupa ya soda, na mwandiko huo ukabaki kwenye kava baada ya kava. Guercio hakutaka nyota, alitaka muziki uwe mbele, na kwa bendi ambayo nusu ya uimbaji wake hutoka kwenye midomo ya shaba, hilo lilikuwa na mantiki. Hasara yake waliiona wenyewe: walijaza ukumbi wa Carnegie, New York, kwa karibu juma zima Aprili 1971, na bado wangeweza kutembea barabarani bila kusumbuliwa na mtu.

Katika santuri hiyo ya pili Pankow alikuwa ameandika utungo mmoja wa sehemu saba, wa karibu dakika kumi na tatu, uliounganishwa kama kazi za watunzi wa kitambo wa Ulaya. Aliuita kwa jina la mji wa Buckhannon, West Virginia, ambao jina lake lilikosewa tahajia kwenye kava. Sehemu ya kwanza, inayoimbwa na Kath, ilianza kwa wapulizaji watatu wakiingia wazi kabla hajafungua kinywa. Guercio aliikata sehemu hiyo, akaunganisha na mwisho wa utungo, akatengeneza wimbo mfupi wa kupeleka redioni, “Make Me Smile”.

Pankow alikuwa akiendesha gari Los Angeles alipowasha redio na kukutana na tromboni yake mwenyewe. Nusura aligonge gari la mbele.