Treni ya Ravenna na Kaburi la Mkimbizi

Kutoka Bologna hadi Ravenna, Italia, ni saa moja na dakika kidogo kwa treni ya kawaida, ile inayosimamasimama njiani. Unaenda asubuhi, jioni umerudi. Nilienda siku ambayo sikuwa na darasa. Treni inapita Imola, Castel Bolognese na Lugo, na njia yote ni tambarare: miti ya matunda na mizabibu imepangwa mistari, hakuna kilima. Wageni wengi wanaoshuka Ravenna wanafuata mozaiki za makanisa ya kale, yaani picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe. Kweli ni za ajabu. Kanisa la San Vitale liliwekwa wakfu mwaka 547, na mfalme Justiniano na mke wake Theodora bado wanakutazama kutoka ukutani, dhahabu tupu.

Lakini mimi nilifuata kaburi la mtu mmoja. Nawaandikia ninyi mlioko kambini, na ninyi mnaofanya kazi kambini, kwa sababu habari ya kaburi lile inatuhusu.

Mtu huyo ni Dante Alighieri. Waitaliano wanamwita baba wa lugha yao, maana wakati wasomi walikuwa wanaandika Kilatini, yeye aliandika utenzi wake mkubwa, Divina Commedia, kwa lugha ya watu wa kwao. Wengi tunaishia hapo. Kumbe kazi hiyo aliifanya akiwa amefukuzwa kwao.

Alizaliwa Firenze mwaka 1265. Mwaka 1300 alikuwa mmoja wa wakubwa sita walioongoza mji. Wakati ule Firenze ilikuwa imegawanyika makundi mawili, Weupe na Weusi. Msidhani ni rangi ya ngozi. Yalikuwa majina ya makundi tu, na watu wake walikuwa majirani, wameoana. Hata mke wa Dante, Gemma, alitoka ukoo wa Donati, ukoo wa kiongozi wa Weusi. Sisi tunajua jinsi jina la kundi linavyoweza kuingia kati ya nyumba na nyumba.

Novemba 1301 ndugu wa mfalme wa Ufaransa aliingia Firenze na askari wake, na Weusi wakashika mji. Dante alikuwa Mweupe. Tarehe 27 Januari 1302 hukumu ikatoka, mwenyewe hayupo: eti alikula rushwa. Alipe florini 5,000, akae nje ya Toscana miaka miwili, asishike cheo tena. Hakwenda kulipa. Tarehe 10 Machi hukumu ikawa nzito zaidi: akikamatwa, achomwe moto mpaka afe. Hakuiona tena Firenze.

Karibu miaka 20 alikaa kwenye nyumba za watu, Verona, Lunigiana na kwingine. Mwaka 1315 mji ukatangaza msamaha kwa waliofukuzwa, ila kwa masharti: ulipe sehemu ya faini, kisha upite hadharani kanisani kama mkosaji anayetubu. Dante alikataa kwa barua. Alieleza kwamba kama hakuna njia ya kurudi kwa heshima, basi Firenze hataingia kabisa. Mwisho wa mwaka huohuo hukumu ya kifo ikarudiwa, na safari hii wanawe nao wakatiwa ndani.

Kule kambini tunabishana sana juu ya kurudi kwa hiari. Fulani kajiandikisha, fulani kakataa. Huyu anaitwa mjinga, yule mwoga. Mimi sina la kumfundisha mtu. Aliyekubali masharti ya 1315 alikuwa na watoto na mali ya kuangalia, siwezi kumcheka. Ila Dante asisemwe kwamba hakupenda kwao. Alipatamani mpaka kufa. Alichokataa ni kuingia kwao akiwa amebeba kosa ambalo hakulifanya.

Kwenye mwaka 1318 hivi, Guido Novello da Polenta, mtawala wa Ravenna, alimpokea. Hapo Dante alikaa na wanawe, na hapo akamaliza sehemu ya mwisho ya utenzi wake. Guido alimpa pa kulala, tena akampa kazi inayolingana na akili yake: mwaka 1321 alimtuma Venezia kama mjumbe, akatulize ugomvi kati ya miji hiyo miwili. Ndugu zetu wa mashirika, mstari huo usomeni mara mbili. Akiwa njiani kurudi alishikwa na homa, wengi wanaamini ni malaria, akafa usiku wa kuamkia 14 Septemba 1321, ana miaka 56. Mwaka uliofuata Guido alikuwa Bologna kwa kazi ya uongozi, nyuma yake jamaa yake akamnyang'anya Ravenna, wala hakuipata tena. Mwenyeji naye akafungiwa mlango wa kwao.

Sasa Firenze ikaanza kuomba mifupa. Mwaka 1519 Papa Leo wa Kumi, mtu wa Firenze, alitoa ruhusa, na Michelangelo mwenyewe akajitolea kuchonga kaburi. Wajumbe walipofika Ravenna na kufungua, ndani hamna kitu! Watawa Wafransisko walikuwa wametoboa ukuta upande wao na kuificha mifupa. Mwaka 1677 mtawa Antonio Santi aliiweka kwenye sanduku la mbao, akaandika juu yake kwamba humo mna mifupa ya Dante, na kwamba yeye ndiye aliyeiweka. Mwaka 1810, watawa walipofukuzwa wakati wa utawala wa Napoleon, sanduku likafichwa ukutani, na waliojua wakafa na siri yao. Mei 1865 fundi mwashi aliyekuwa akitengeneza mahali hapo alikuta mbao, kisha mifupa. Kama si maandishi ya yule mtawa, ingekuwa mifupa tu.

Leo kaburi ni kijumba cha 1781, dakika chache kutoka stesheni kwa miguu. Ndani inaning'inia taa, na tangu 1908 mafuta yake yanaletwa na Firenze kila Septemba. Firenze yenyewe ina kaburi kubwa la Dante katika kanisa la Santa Croce, na ni tupu. Hukumu ya 1302 baraza la mji lilipiga kura kuifuta mwaka 2008, tena wapo madiwani waliopinga.

Nilisimama pale nikawaza makaburi yetu. Tumezika wazazi na watoto katika udongo wa wenyeji, na kila inaposemwa kambi itafungwa, akina mama wanauliza nani atabaki na makaburi. Jibu sina. Ila wapo wenyeji waliolinda mifupa ya mgeni miaka 700, na yupo mtawa aliyejua kwamba kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Misalaba yetu ya mbao inaliwa na mchwa, vibao vinafutika kwa mvua mbili. Basi tuanze daftari, kila mtaa wa kambi lake: jina la marehemu, jina la baba na mama, alikotoka, siku aliyozikwa, kaburi liko mstari gani. Nakala moja ikae kwetu, nyingine tuwape wenyeji. Kalamu zipo, na wanaokumbuka bado wapo hai.