Malaria kwa wajawazito: Funzo kutoka miteremko ya Usambara

SAFARI ya kutoka Mombo hadi Lushoto haifiki kilomita 40, lakini kwa mama mjamzito hutenganisha sura mbili za ugonjwa mmoja. Mombo, chini ya Milima ya Usambara, kuna joto linalowafaa mbu. Mji wa Lushoto, ulio katika mwinuko wa mita zipatazo 1,400, una baridi inayochelewesha ukuaji wa vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Tofauti hiyo iliwavuta mkoani Tanga watafiti wa fani mbalimbali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, ni miongoni mwa taasisi zilizoshirikiana kwa miaka mingi, zikiwakutanisha wataalamu wa wadudu, kinga ya mwili, uzazi na takwimu.

Utafiti wa mbu katika vijiji vya milima hiyo, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa maambukizi hupungua zaidi ya mara 1,000 kutoka tambarare hadi nyanda za juu.

Kwa wajawazito, jambo hilo lina maana kubwa. Mwanamke aliyekulia tambarare ana kinga kiasi, hivyo anaweza kubeba vimelea bila kupata homa. Hata hivyo, vimelea hujificha katika kondo la nyuma, mama akapungukiwa damu na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Aliyekulia milimani hana kinga hiyo. Akiteremka kwa ajili ya ndoa, kilimo au biashara, malaria humshika kwa ukali, iwe ni mimba ya kwanza au ya tano, na inaweza kuharibu mimba au kumuua.

Siri ya kondo la nyuma

Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi nchini Kenya, walibaini namna chembechembe za damu zenye vimelea zinavyonata kwenye kondo la nyuma. Mwaka 2003 wenzao wa Copenhagen waliitambua protini inayohusika, VAR2CSA. Mwanamke wa tambarare hujenga kinga dhidi ya protini hiyo kadiri anavyozaa, ndiyo maana mimba ya kwanza huwa na hatari zaidi. Chanjo mbili zinazotokana nayo, PAMVAC na PRIMVAC, zimekwisha kujaribiwa kwa binadamu katika hatua za awali.

Wilayani Korogwe, kati ya mwaka 2008 na 2010, wajawazito wapatao 1,000 walifuatiliwa hadi kujifungua. Umri wa mimba ulipimwa kwa ultrasaundi, kwa sababu bila kuujua ni vigumu kutofautisha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na yule aliyedumaa tumboni.

Usugu wa dawa

Tanzania ilianza mwaka 2001 kuwapa wajawazito dawa ya SP kama kinga. Tangu hapo vimelea vimejenga usugu. Utafiti wa Muheza uliochapishwa mwaka 2009 ulitahadharisha kuwa SP inaweza kuvipa nafasi vimelea sugu, na ule wa Korogwe wa mwaka 2013 ulihusisha vimelea vyenye usugu mkubwa na watoto wenye uzito mdogo.

Pamoja na hayo, dawa hiyo haijapata mbadala kamili. Majaribio yaliyohusisha wanawake 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kuwa dawa mseto ya DP ilizuia malaria vizuri zaidi, lakini haikuleta matokeo bora ya uzazi kuliko SP.

Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza SP itolewe katika kila hudhurio la kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, kwa kuachana angalau mwezi mmoja. Wanaotumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hawapaswi kupewa SP.

Kwa mwanamke wa Lushoto anayeteremka tambarare, chandarua chenye dawa na kuwahi kliniki, hata kabla ya kuhisi homa, ndiyo kinga aliyonayo sasa.