Yash Ghai na Kiapo Kilichosubiri

Tumezoea kuandika wasifu wa wanazuoni kwa kuorodhesha shahada, vyeo na vitabu. Kwa Yash Pal Ghai, mtaalamu wa katiba linganishi aliyezaliwa Kenya mwaka 1938, orodha hiyo ni ndefu: Oxford, Harvard, Dar es Salaam, Warwick, Hong Kong. Lakini orodha haituelezi kwa nini, alipoteuliwa mwaka 2000 kuongoza Tume ya Kurekebisha Katiba ya Kenya, hakukubali kuapishwa mara moja.

Jibu linaanzia Dar es Salaam. Ghai alianza kufundisha huko mwaka 1963, katika kitivo cha sheria kilichowahudumia wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Katiba za uhuru zilikuwa bado mbichi, nao wasomi walizichambua huku zikibomolewa mbele ya macho yao. Nchini Kenya, hadi kufikia mwisho wa mwaka 1966, mfumo wa majimbo ulikuwa umevunjwa na Seneti imefutwa, yote kwa kura za Bunge. Katika kitabu chao cha mwaka 1970, Public Law and Political Change in Kenya, Ghai na Patrick McAuslan walionesha jinsi dola ya kikoloni ilivyoifanya sheria kuwa chombo cha kutawalia, na jinsi watawala wapya walivyokirithi chombo hicho. Katiba iliyojadiliwa London na viongozi wachache haikuwa na watetezi wa kutosha nyumbani.

Ndiyo maana, mwaka 2000, Kenya ilipokuwa na michakato miwili inayoshindana, mmoja wa Bunge na mwingine wa Ufungamano, ulioongozwa na viongozi wa dini na asasi za kiraia, Ghai alitaka kwanza pande hizo ziungane. Ziliungana mwaka 2001. Wapo waliouita msimamo huo ukaidi wa msomi. Kwa maoni yangu, lilikuwa hitimisho la miongo minne ya utafiti: katiba hulindwa na wale walioshiriki kuitunga.

Hitimisho hilo lilikuwa na gharama. Rasimu ya Bomas ya mwaka 2004 ilibadilishwa na wanasiasa, na toleo lao likakataliwa katika kura ya maoni ya mwaka 2005. Huko Fiji, mwaka 2012, polisi walizitwaa nakala za rasimu ya tume aliyoiongoza. Hata hivyo, ugatuzi uliopiganiwa Bomas ulirejea katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010.

Sisi tunaofundisha ughaibuni hupenda kuamini kwamba umbali hutupa uoni mpana. Huenda ni kweli. Ila Ghai, aliyezilinganisha katiba za mabara kadhaa, hakurudi Kenya na kielelezo cha kunakiliwa. Alirudi na sharti moja, kwamba wenye nchi wasikilizwe kwanza.