Kufilisika Mpakani: Kasulu, Kibondo na Urithi wa Sheria Mbili

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalipowaondoa Wajerumani Kigoma, nchi ya Waha, kuanzia Heru ya Kasulu hadi Muhambwe ya Kibondo, iliangukia mikononi mwao. Machi 1921 wakaikabidhi kwa Waingereza, wao wakabaki na Urundi. Tangu hapo mwenye duka wa Kasulu akielemewa na madeni alihukumiwa kwa desturi ya London, na mwenzake wa ng'ambo ya mpaka wa Manyovu kwa desturi ya Brussels.

Wabelgiji waliona kufilisika ni jambo la mfanyabiashara peke yake, mkulima hahusiki. Sheria ya Tanganyika ya 1930 ilimgusa mtu yeyote, na kampuni zikatungiwa yake mwaka 1932. Hiyo ya kampuni ilidumu kuliko serikali iliyoitunga: Sheria ya Makampuni ya 2002 ilianza kutumika 2006 tu, ikiruhusu kampuni iliyoelemewa kuwekwa chini ya msimamizi badala ya kuuzwa vipande vipande. Mwaka huohuo wa 2006 Burundi nayo ikaandika upya sheria zake za kufilisika.

Muha wa kawaida hakufika kwenye mahakama hizo. Waingereza walizuia mikopo kwa wenyeji, hata deni la Mwafrika kwa mwenye duka Mhindi au Mwarabu likawa halidaiki mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali. Ilidaiwa kuwa ni kumlinda. Ulinzi huo ulimnyima mtaji huku kodi ikimsubiri, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakaenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge.

Mkopo ulimfikia kwa njia ya ushirika, nao una historia yake ya kufa. Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri, bila mahakama wala mfilisi, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha.

Leo mkulima wa tumbaku wa Kasulu au Kibondo huchukua mbolea kwa mkopo kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Jani likishakaushwa kwenye bani, likafungwa marobota na mteuzi akalipangia daraja, deni hukatwa kwanza, kinachobaki ndicho chake. Jirani akivuna vibaya, wanachama wenzake waliomdhamini hujaza pengo kwa tumbaku yao. Mwenye hisa wa kampuni iliyokufa hupoteza hisa zake tu; mdhamini huyu hupoteza jasho la msimu mzima, na hilo si haki.

Marekani iliwatungia wakulima wa familia sura yao katika sheria ya kufilisika mwaka 1986: mkulima huendelea kulima huku akilipa kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano unaoidhinishwa na mahakama. Sheria yetu ya Vyama vya Ushirika ya 2013, kwa upande wake, humpa Mrajisi wa vyama uwezo wa kufuta chama na kuteua mfilisi. Marekebisho yajayo yaanze na mwanachama aliyelipa deni la jirani.